Fundi Gramu na Mvumo wa Friza

Jumamosi, tarehe 31 Agosti. Mchana kutwa mawingu yalikaa juu ya mabati bila kudondosha hata tone. Jioni upepo ukayapeleka kwingine, na kufikia saa mbili usiku anga lilikuwa limejaa nyota. Fundi Gramu aliyaandika hayo katika daftari lake, ukurasa wa kulia, kwa kalamu ya bluu, akaongeza: "Usiku mzuri wa kusikia." Chini ya maneno hayo akapiga mstari kwa rula. Saa nne kamili usiku huo, stesheni ya redio aliyoisikiliza kwa miaka ishirini na sita ingezimwa, na isingerudi tena hewani.

Jina la Gramu alipewa na wenye maduka. Kazi yake ni kutengeneza mizani, ile ya kuning'inia na ile ya mezani, na siku hizi hata ile ya namba nyekundu inayotumia umeme, ingawa hiyo huishika kama mtu anayeshika mtoto wa watu. Mwenye duka akimwambia, "Fundi, inapunja kidogo tu," yeye huuliza, "Kidogo ni gramu ngapi?" Hutabasamu mara chache, na hakuna aliyewahi kumsikia akikisia. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndiyo karakana. Humo mna kabati lenye mawe ya mizani ya shaba yaliyolazwa juu ya kitambaa, kuanzia jiwe la kilo mbili hadi kipande chembamba kama kucha. Hayashiki kwa mkono mtupu. Anasema jasho la kidole lina uzito wake, na mteja hakulipia jasho.

Kazi alifundishwa na mjomba wake, na redio aliirithi kwa mjomba huyo huyo. Ni redio ya mbao, ina kioo kirefu chenye namba na mshale mwekundu, na vifundo viwili, kimoja kimepasuka. Mjomba aliitumia kwa mambo mawili, matangazo ya vifo na mpira. Usiku mmoja wa masika mitambo ya redio ya taifa ilikwama katikati ya mechi, naye mpwa, wakati huo kijana wa miaka ishirini na saba, akazungusha kifundo kutafuta pa kupumzikia. Kidogo kabla ya namba kumi na mbili akamkuta mwanamke anazungumza. Lugha hakuijua. Sauti ilikuwa ya taratibu, kama ya mtu anayemsomea mgonjwa, nayo ilikuwa ikizama na kuibuka, ikizama na kuibuka.

"Hiyo ni mbali," mjomba alimwambia. "Kesho mchana huipati. Redio ni kama popo, safari zake ni usiku."

Kesho yake mchana aliitafuta na hakuipata. Usiku akaipata. Kwa fundi wa mizani hilo lilikuwa jambo la kushangaza, kitu kinachokuwepo na kutokuwepo mahali pale pale, bila mtu kukigusa. Akakwaruza alama ndogo kwenye kioo kwa ncha ya sindano. Mjomba alimgombeza kwa kuharibu kioo, kisha akafa mwaka uliofuata akamwachia redio, alama ikiwemo.

Kila Jumapili stesheni ile ilikuwa na dakika kumi za lugha aliyoisoma shuleni, na humo ndimo alimosikia anwani. Aliandika barua, akaeleza saa, namba, na jinsi sauti ilivyokuwa. Miezi minne baadaye ikaja kadi yenye picha ya daraja, na nyuma yake imeandikwa kwamba ni kweli, alichosikia ni wao. Ikaambatana na karatasi inayoeleza namna ya kuandika ripoti za usikivu. Sauti inapewa alama kwa tano, kelele kwa tano, kuzama na kuibuka kwa tano. Fundi Gramu aliisoma karatasi hiyo kama mtu aliyepata ndugu aliyepotea. Kumbe kulikuwa na watu duniani waliopima hata upepo.

Tangu hapo alipima sauti kama anavyopima unga. Kadi zikafika ishirini na mbili, zote zimebandikwa ukutani juu ya kabati la mawe, zote za daraja lile lile. Mara moja wahandisi wa huko walimwandikia kumshukuru kwa umakini wake. Barua hiyo aliikunja akaiweka chini ya jiwe la kilo mbili, asimwonyeshe mtu. Mtaani kwetu hakuna aliyewahi kumshukuru mtu kwa umakini. Wenye maduka walichomwomba zaidi ni kupunguza umakini.

Mkewe ni mwalimu wa chekechea. Mwaka wa kwanza wa ndoa aliuliza, "Huyo mwanamke anasema nini?"

"Sijui."

"Kila usiku unakaa naye, na hujui anasema nini?"

"Jumapili najua kidogo."

Mke alilipima jibu hilo kwa mizani yake mwenyewe, akaona mwanamke asiyeeleweka hana madhara. Akaanza kumwita mke mwenzangu. "Leo mke mwenzangu ana mafua," angesema kutoka jikoni sauti ikikwaruza. Au, "Mke mwenzangu kachelewa, sijui kapitia wapi." Watoto wao wawili walikua wakijua kwamba kuanzia saa tatu na nusu hadi saa nne usiku baba haulizwi swali.

Taabu ilianza miaka mitatu iliyopita. Usiku mmoja wa Alhamisi ukatokea mvumo juu ya sauti ile, mzito, usiokoma, kama nyuki ndani ya debe. Fundi Gramu akampa mwanamke wa mbali alama mbili kwa tano, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia hata mwaka wa dhoruba. Akafungua daftari kutafuta sababu, na sababu ilikuwa imeandikwa kwa mkono wake mwenyewe: "Jumanne: bucha ng'ambo ya barabara wameleta friza mpya, kubwa." Kati ya Jumanne na Alhamisi kuna siku mbili, lakini alilipatia hesabu hilo. Friza kubwa huchukua muda kupoa, na ikishapoa ndipo huanza kunguruma.

Chini ya mstari huo wa Jumanne kulikuwa na mstari wa Alhamisi, nao aliusoma akaupita. Ulisema: "Mwenye bucha kafurahia mizani yake. Kanipa zawadi ya taa ya mezani ya kuchaji, ili nisiharibu macho kwa kuandika usiku."

Ilikuwa taa nzuri, nyeupe, yenye shingo ya kupinda, na tangu usiku huo wa kwanza aliichomeka ichaji huku ikiwaka. Betri yake ilikufa mwezi wa pili, ikawa haiwaki mpaka iwe kwenye soketi, basi ikakaa kwenye soketi, pembeni ya redio, kila usiku, ikimulika daftari ambamo mwenye friza alikuwa akiandikwa.

Na aliandikwa kwelikweli. "Bucha tena." "Bucha, mbaya kuliko jana." "Bucha." Mara kadhaa umeme ulikatika mtaa mzima, Fundi akaweka betri kwenye redio, akawasha mshumaa, na sauti ikaja safi kama maji ya kisima. Huo ukawa ushahidi usiopingika. Friza imezimika, na mvumo umezimika. Aliwahi hata kuihamisha redio chumba cha nyuma, mbali na barabara, akiibeba kwa mkono wa kushoto na taa kwa mkono wa kulia. Mvumo ukamfuata. Akaandika: "Friza yake inapenya kuta tatu."

Mtu mwingine angevuka barabara akasema. Fundi Gramu hakusema. Alikuwa mtu wa kupima, na kugombana hakukuwa kazi yake. Alichofanya ni kupunguza salamu, kutoka "habari za asubuhi jirani, nyumbani hawajambo?" hadi "jambo." Kisha akaanza kununua nyama kwenye bucha ya mtaa wa pili, mwendo wa dakika kumi na tano.

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo ni fundi wa mizani peke yake anayeweza kulifanya. Mwalimu akiacha kununua nyama mahali, watu husema labda anadaiwa. Fundi wa mizani akiacha kununua nyama mahali, na mizani ya mahali hapo ameitengeneza yeye mwenyewe, watu hawahitaji kuambiwa. Kwanza wanawake wawili waliacha kwenda. Kisha wanne. Mama wa saluni, ambaye habari kwake haikai hata dakika ya kukausha nywele, alisema yeye hasemi kitu, ila mwenye macho haambiwi tazama. Mwenye bucha alibadilisha kipande cha mnyororo, akaosha sahani ya mizani kwa maji ya moto, akaitundika karibu na mlango ili kila mtu aone mshale. Wateja waliona mshale wakakumbuka miguu ya Fundi ikielekea mtaa wa pili. Naye mwenye bucha, kwa kiburi chake, hakuuliza. Fundi, kwa upole wake, hakujua.

Barua ya stesheni ilifika mwanzoni mwa Agosti. Ilisema wasikilizaji wapendwa, mitambo imezeeka, wasikilizaji wamehamia kwenye simu, na tarehe 31 matangazo yangezimwa saa nne ya huku kwetu. Katika nusu saa ya mwisho yangesomwa majina ya miji ambayo ripoti zilitoka kwa miaka yote. Fundi aliisoma mara tatu. Halafu akamwambia mkewe kwamba anataka kusikia mji wetu ukitajwa.

"Na mvumo?" mke akauliza.

Hilo lilikuwa swali. Kwa alama mbili kwa tano angesikia nyuki wakitaja miji. Alikaa na jambo hilo wiki tatu, na siku mbili kabla ya mwisho alivaa shati la mikono mirefu akaenda kuomba. Katika maisha yake alikuwa hajawahi kumwomba jirani hata kiberiti. Sasa alipita nyumba kwa nyumba akiomba watu wazime kila kitu cha umeme kwa nusu saa, Jumamosi usiku, kuanzia saa tatu na nusu.

Mchomeleaji, ambaye geti lake limegusana na la Fundi, alikubali, akataka kujua kama stesheni hiyo inatoa matokeo ya mpira. Mama wa saluni aliuliza kama aliyefariki ni ndugu wa karibu. Alipoelezwa kwamba ni redio, alisema pole hivyo hivyo. Watu walikubali kwa wepesi uliomshangaza. Hawakuelewa kitu, lakini walielewa kwamba Fundi Gramu kaomba, na hilo lilikuwa habari tosha.

Bucha aliiacha mwisho. Mwenye bucha alikuwa anafuta meza, na meza haikuwa na kitu cha kufuta. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuacha kufuta.

"Miaka mitatu huniulizi hali," alisema. "Leo unaniomba nizime friza."

"Nusu saa tu, jirani."

"Nusu saa ni dakika ngapi?"

Fundi alijibu kwamba ni thelathini, kabla hajatambua kuwa anachezewa shere. Mwenye bucha akakunja kitambaa chake. Alisema atazima. Lakini na yeye atakuja, aione kwa macho yake hiyo redio isiyopenda friza ya watu, na nyama ikiharibika Fundi ataila mwenyewe, mbichi.

Basi Jumamosi hiyo, saa tatu na dakika ishirini na nane, mtaa ulianza kuzimika, nyumba moja moja, mpaka ukawa mweusi kama masizi ya sufuria. Jambo ambalo Fundi hakulipima ni kwamba mtu aliyezima taa, televisheni na feni hana la kufanya nyumbani kwake. Akatokea mchomeleaji na mkewe na viti vyao. Akatokea mama wa saluni na wateja wawili, mmoja kichwa kimesukwa nusu. Wakaja wengine waliosikia kwamba kuna jambo. Mwenye bucha alifika wa mwisho, akasimama mlangoni mikono nyuma kama mkaguzi. Karakana ilijaa. Mke wa Fundi alipitisha maji ya kunywa akiomba radhi kwa uchache wa bilauri, na kila mtu akamnong'oneza mwenzake anyamaze, mpaka minong'ono ya kunyamazishana ikawa kelele kuliko mazungumzo.

Fundi alikaa mezani, daftari wazi, kalamu mkononi, taa nyeupe imeinamisha shingo juu ya ukurasa. Akawasha redio.

Mvumo.

Akazungusha kifundo kidogo kushoto, kidogo kulia. Akaigeuza redio nzima, ikatazama kabati, ikatazama watu. Mvumo ule ule, nyuki wale wale, na chini yao, mbali, sauti ya mwanamke kama mtu anayezungumza ndani ya gunia. Dakika kumi zikapita hivyo. Akaandika saa, akaandika mbili kwa tano, akasita, akaandika moja. Bila kugeuka akauliza kama friza imezimwa kweli.

"Njoo uishike," mwenye bucha alisema. "Nimeichomoa kabisa." Watu wakashuhudia, wengine walimwona. Fundi akainamia tena kioo. Dakika nyingine saba. Mchomeleaji alisema labda ni mtaa wa pili, mtu mmoja akajitolea kwenda kuwazimia, na mke wa Fundi akasema hakuna muda.

Ndipo mwenye bucha aliposogea mpaka mezani.

"Fundi, sote tumezima. Mbona wewe umewasha?"

"Naandika," alisema Fundi Gramu.

Fundi aliitazama taa. Akalitazama daftari. Wale waliokuwa karibu wanasema kalamu ilibaki hewani kama mshale wa mizani unaotafuta pa kutulia. Mama wa saluni alianza, "Nyani haoni..." mke wa Fundi akamkanyaga mguu, methali ikaishia hapo. Kisha mke huyo huyo akainama chini ya meza akachomoa plagi ya taa.

Mvumo ulikatika kama uzi. Gizani, katikati ya chumba, mwanamke wa mbali akawa amekaa nao, karibu kiasi cha kusikika akivuta pumzi. Alikuwa anasoma majina. Neno, kimya kidogo, neno, kimya kidogo. Sauti yake ilikuwa imezeeka, jambo ambalo Fundi hakuwa amelisikia kwa miaka mitatu ya nyuki. Hakuna aliyeona saa. Hakuna aliyeandika. Majina yalipita kwa lafudhi ya huko, yamepindwa pindwa, na watu wazima ishirini walikaa wameinamisha vichwa wakimsikiliza mtu wasiyemwelewa. Kisha ikapigwa filimbi, wimbo mfupi ambao Fundi aliujua kama mlango wa nyumba yake. Sauti ikasema maneno mawili matatu. Halafu pakawa na upepo tu, na upepo wenyewe ukawa mtupu.

"Ndiyo hiyo?" aliuliza mwenye bucha.

"Ndiyo hiyo."

"Miaka mingapi?"

"Ishirini na sita."

"Na wanachosema hukijui."

"Sikijui."

Mwenye bucha aliguna, na halikuwa guno la dharau. Watu wakaanza kubishana taratibu. Mchomeleaji aliapa kwamba mji wetu umetajwa, wa tatu kutoka mwisho. Mama wa saluni alisema huo haukuwa mji wetu, ulikuwa mji aliozaliwa yeye, na kwamba ameshangaa wamemjuaje. Wakamgeukia Fundi awaamulie. Na Fundi Gramu, ambaye ana rekodi ya usikivu ya kila usiku tangu mwaka wa mjomba, alilazimika kusema kwamba hana hakika, kwa sababu usiku huo hakuandika. Labda ulitajwa alipokuwa akiwapima nyuki. Labda ulitajwa mwisho. Hakukisia.

Walipokuwa wanatoka, mwenye bucha aligusa taa shingoni, gizani.

"Hii si ile niliyokupa mimi?"

"Ndiyo yenyewe."

"Na umehama bucha yangu kwa sababu ya friza."

Fundi alilifunga daftari. Halafu akasema, "Jirani, kesho nitakuja." Mwenye bucha alipokwisha kuondoka, mke wa Fundi ndiye aliyemweleza mumewe, kwa sauti ya kufundishia watoto wa chekechea, kile ambacho mtaa umekuwa ukikifikiria kuhusu mizani ile kwa miaka mitatu. Inasemekana Fundi hakulala, lakini hilo halimo daftarini.

Asubuhi, Jumapili, tarehe mosi Septemba, jua kali na hakuna upepo. Fundi Gramu aliamka saa kumi na mbili, akachukua madaftari ya miaka mitatu, rula na kalamu nyekundu. Kila palipoandikwa "bucha" alipiga mstari mmoja ulionyooka, akaandika juu yake "taa yangu." Palikuwa mahali mia saba na arobaini na moja, na alifika nusu mkewe aliposema wateja wa asubuhi pale bucha wameanza kutawanyika. Akaacha kalamu. Akavaa shati la mikono mirefu, akafunga mawe ya shaba kwenye kitambaa chao, na akavuka barabara.

Alikuta matumbo mawili na mguu mmoja vimening'inia, na watu wanne wakitazama bila kununua. Hakutoa hotuba. Alilipangusa jiwe la kilo moja, akaliweka kwenye sahani ya mizani kwa kitambaa, akangoja mshale utulie. Akafanya hivyo kwa kilo mbili, na kwa nusu, na kwa robo. Kila mara mshale ulipotulia alisoma namba kwa sauti, mtu ambaye mtaa mzima haujawahi kumsikia akipaza sauti. Alipomaliza kile kipande chembamba kama kucha, akayafunga mawe yake, akaenda kusimama nyuma ya foleni. Mkewe alikuwa amemtuma nusu kilo. Zamu yake ilipofika aliagiza kilo mbili, na ndiyo mara ya kwanza katika maisha yake kuzidisha kipimo.